Kuinua Land Cruiser ya Zamani Yenye Springi za Majani: Njia Nne Zikilinganishwa

Anayefufua Land Cruiser ya toleo la 40, hasa pikapu ndefu ya 45, hufika hatua ambapo bodi imeshushwa, chasisi imekwanguliwa kutu, na springi zote nne zimelala sakafuni zikisubiri uamuzi. Hapo ndipo wazo la kuinua gari huja, na si wazo baya: bolti zilizoganda kwa miaka mingi zimeshakatwa, mabano ya springi yako wazi kwa ukaguzi na kuchomelewa, na kazi ambayo ingemtaka fundi alale chini ya gari inafanyika akiwa amesimama. Shida ni kwamba kila fundi ana jibu lake. Mmoja atataka springi za zamani zipelekwe kwa fundi springi zikapigwe upya, mwingine atashauri seti mpya iliyotengenezwa ikiwa na upinde mkubwa, wa tatu atasema sheko ndefu (vyuma vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chasisi) zinatosha, na wa nne atataka springi zihamishwe kutoka chini ya ekseli hadi juu yake.

Njia zote nne huinua gari kweli. Zinatofautiana katika kile zinachokudai baadaye: kwenye usukani, kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli), kwenye uwezo wa kubeba, na kwenye mfuko. Ulinganisho huu umejengwa juu ya toleo la 40, ambalo Toyota ilianza kulitengeneza Japani mwaka 1960 na kulihitimisha mwaka 1984, kwa sababu magari hayo yana springi za majani mbele na nyuma na zote hupita chini ya ekseli. Mwenye Suzuki ya zamani ya muundo kama huo atafuata hoja bila taabu. Mwenye Hilux lazima aangalie kwanza, kwa kuwa springi zake za nyuma tayari ziko juu ya ekseli, na baadhi ya yanayosemwa hapa hayamhusu.

Kabla ya kulinganisha: gari limezama kiasi gani?

Springi iliyobeba magunia kwa miaka arobaini huwa imenyooka, na nyingine huwa imeanza kupinda upande wa pili. Gari la namna hiyo likirudishiwa upinde wake wa kiwandani tu huonekana kana kwamba limeinuliwa, na wapo ambao wakishauona urefu huo wa asili huacha kabisa mpango wa kuongeza. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hupaswa kuchukuliwa kabla gari halijafunguliwa, likiwa kwenye sakafu iliyo sawa na tairi zikiwa na upepo wa kawaida: pima kutoka juu ya bomba la ekseli hadi upande wa chini wa chasisi, pembe zote nne, kisha uandike. Ukiwa umeshashusha bodi umechelewa, maana chasisi tupu husimama juu sana na haikuambii chochote kuhusu gari litakavyokuwa likiwa na injini, tangi lenye mafuta na watu.

Jambo la pili la kuliweka wazi mapema ni kwamba kuinua springi hakuinui difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli. Difu imefungwa kwenye ekseli, ekseli imefungwa kwenye magurudumu, na nafasi kati ya difu na jiwe barabarani huongezwa na tairi peke yake. Tairi ya 7.50R16, ambayo ndiyo ya kawaida kwa magari haya katika Afrika Mashariki, ina kimo cha takriban sentimita 80; ukiweka ya inchi 33, yenye kimo cha karibu sentimita 84, difu hupanda sentimita mbili hivi na si zaidi. Kinachopatikana kwa kuinua springi ni nafasi chini ya chasisi, tangi na ngazi za mlangoni, pembe bora zaidi ya kupandia na kushukia kingo za makorongo, na nafasi ya tairi kubwa kugeuka bila kukwangua madigadi. Anayetaka hayo ana sababu nzuri. Anayetaka difu isigonge mawe ana haja ya tairi kwanza.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vigezo vitano, na kila njia imepimwa kwa vyote. Cha kwanza ni urefu halisi unaopatikana. Cha pili ni mzigo na mwendo, yaani gari litabeba nini na litapitaje kwenye barabara mbovu. Cha tatu ni pembe, maana gari likiinuka, usukani, propela na mipira ya breki havibaki vilipokuwa. Cha nne ni kazi, vifaa na gharama. Cha tano ni uwezekano wa kurudi nyuma, ambao una uzito wa pekee katika ufufuaji, kwa kuwa gari la zamani lililokatwa halirudi kuwa gari la zamani.

Wapo wanaouliza kwa nini sijataja vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli. Kwenye gari ambalo springi ziko chini ya ekseli, kipande cha namna hiyo hulishusha gari badala ya kuliinua. Hata kwenye magari yenye springi juu, vipande hivyo ni vya ekseli ya nyuma tu, na havipaswi kuwekwa mbele, ambako nguvu za breki na usukani zinaweza kuvisogeza.

Urefu unaopatikana

Kupiga upya springi za zamani hurudisha upinde wa asili, na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuongeza inchi moja, pengine moja na nusu, juu ya hapo. Ukimlazimisha avuke kiwango hicho, majani huanza kuvutana: jani kuu linakuwa na upinde mmoja, yaliyo chini yake yana mwingine, na springi hukaa kwa ugomvi badala ya kufanya kazi kama kitu kimoja.

Seti mpya zilizoinuliwa, ambazo nyingi za zinazojulikana kwetu hutoka Australia kwa majina kama Old Man Emu na Dobinsons, kwa kawaida hutoa takriban inchi mbili, yaani sentimita tano. Zipo za inchi nne, lakini hizo hukuingiza katika mambo mengine ambayo yamefafanuliwa kwenye sehemu ya pembe. Tahadhari moja: springi mpya huketi. Urefu unaouona wiki ya kwanza utapungua baada ya gari kutembea kilomita mia kadhaa likiwa na uzito wake kamili, kwa hiyo usikimbilie kukata wala kurefusha chochote kwa kipimo cha siku ya kufunga.

Sheko ndefu hutoa nusu ya kile kinachoonekana mkononi. Springi imeshikwa ncha mbili, na sheko inasogeza ncha moja tu. Kwa hiyo sheko iliyozidi ya asili kwa sentimita tano hupandisha gari takriban sentimita mbili na nusu kwenye ekseli. Anayetaka inchi mbili kwa njia hii atahitaji sheko iliyozidi kwa inchi nne, na sheko ya urefu huo hutikisika kushoto na kulia hata ikiwa bushi, yaani mipira inayozunguka pini zake, ni mpya.

Kuhamisha springi juu ya ekseli ndiko kunakotoa urefu mkubwa kuliko njia zote, karibu inchi tano, kwa kuwa unapata unene wa bomba la ekseli pamoja na unene wa springi yenyewe. Faida nyingine ni kwamba sahani za yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na majani ya springi, ambavyo katika muundo wa asili huning'inia chini ya ekseli na kukwaruza mawe na visiki, huondoka kabisa njiani.

Mzigo na mwendo

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuchagua, kwa sababu springi iliyoinuliwa na springi ngumu huchanganywa kuwa kitu kimoja. Urefu hutokana na upinde. Ugumu hutokana na unene, upana, urefu na idadi ya majani, na unene ndio wenye kauli kubwa: ugumu wa jani hukua kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, hivyo jani la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 6 kwa zaidi ya mara mbili, vipimo vingine vikiwa sawa. Fundi anayekuongezea jani moja nene kutoka kwenye springi ya lori ili gari lisimame juu amekuuzia ugumu, na utaulipia kila utakapopita na gari tupu kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti.

Springi za zamani zilizopigwa upya, kama majani yake bado ni yale yale, hubaki na tabia ya gari la asili: ngumu kidogo likiwa tupu, tulivu likiwa na nusu tani nyuma. Uhai wake hutegemea namna zilivyopigwa. Fundi wa kuaminika hulipinda jani likiwa baridi, kwa presi au kwa nyundo, kidogo kidogo kwa urefu wote. Ukiligeuza utaona alama za nyundo zikiwa zimepangana kwa nafasi sawa kutoka katikati hadi ncha. Anayelipasha kwa gesi mpaka liwe jekundu kisha kuliacha lipoe hewani ameharibu chuma. Chuma cha springi hupata nguvu kwa kupashwa hadi karibu nyuzi 850 za Selsiasi, kuzamishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwenye nyuzi 450 hadi 500 hivi. Ukifanya hatua ya kwanza peke yake na kuruka zilizobaki, jani linakuwa laini, na baada ya msimu mmoja gari linarudi pale lilipokuwa.

Kabla hata ya kumfikia fundi huyo, fungua springi nzima na uoshe kila jani. Pitisha kidole upande wa chini wa jani kuu, mahali ambapo ncha ya jani la pili hugusa. Kwenye springi nzee utakuta mfereji umechimbwa pale, wakati mwingine kina chake kinashika ukucha, na nyufa huanzia humo. Angalia pia jicho la springi, yaani tundu la nchani linalopokea pini: likiwa limelika na kuwa na umbo la yai, bushi mpya haitakaa. Jani lenye mojawapo ya dosari hizo halifai kupigwa upya, hata kama fundi anakuhakikishia.

Seti mpya hununuliwa kwa kiwango cha mzigo, na wauzaji wengi hugawa kati ya matumizi mepesi, ya wastani na mazito. Usichague kwa matumaini. Pikapu itakayobeba tangi la maji na vifaa vya kazi kila siku ihesabiwe kama ya mzigo mzito nyuma. Ile itakayobeba familia na mahema mara chache ihesabiwe nyepesi, hata kama mwenyewe angependa ionekane ya kazi. Winchi na bampa ya chuma mbele navyo ni mzigo wa kudumu na huhesabiwa. Ukilinganisha seti iliyochaguliwa kwa haki na springi za zamani zilizopigwa upya, seti mpya huwa bora kwa mwendo, hasa kwa kuwa huja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Sheko ndefu hazibadilishi ugumu wa majani yenyewe. Springi iliyochoka hubaki imechoka, ila imesimama juu zaidi.

Springi zilizohamishiwa juu ya ekseli zina sifa ambayo wengi hawaitarajii: zinaweza kuwa laini kuliko zote. Kwa kuwa urefu umetokana na mahali na si na upinde, mtu hutumia springi bapa za asili, na springi bapa hujikunjua vizuri gurudumu moja linapopanda jiwe. Ubaya wake huonekana wakati wa kuvuta. Ekseli inayosukumwa na injini hutaka kujizungusha, na springi ikiwa mbali zaidi na kitovu cha nguvu hiyo hujipinda kama herufi S, kisha huachia ghafla, gurudumu likaruka na propela ikapokea pigo. Injini ya dizeli ya 2H iliyomo kwenye HJ47, pikapu ndefu ya toleo hili hili, ina ujazo wa lita 4.0 na huvuta kwa nguvu katika mzunguko wa chini, kwa hiyo ekseli ya nyuma itahitaji mkono wa chuma wa kuizuia isijizungushe. Mzigo mkubwa nyuma huzidisha tatizo hilo.

Pembe: usukani, propela na breki

Kigezo hiki ndicho kinachotofautisha njia hizi kuliko vingine vyote, nacho husahauliwa mpaka siku gari linapotoka gereji na kuanza kutangatanga barabarani.

Anza na usukani. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia huegemea nyuma kidogo upande wa juu, na mwegemeo huo, unaoitwa kasta, ndio unaolifanya gari lishike njia na usukani urudi wenyewe baada ya kona. Toleo la 40 lilitoka kiwandani na kasta ndogo, na halina cha kupoteza. Sheko za mbele za gari hili ziko upande wa mbele wa springi. Ukizirefusha, jicho la mbele la springi hushuka kulinganisha na chasisi, springi nzima huinamisha pua, na ekseli hujizungusha kuelekea mbele pamoja nayo. Kasta inapungua au inageuka kabisa. Kwa hiyo sheko ndefu mbele, ambazo ni nafuu kuliko yote, ndizo zinazogusa usukani haraka zaidi kwa kila sentimita ya urefu. Dawa yake ni kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na kikalio chake, zikiwa zimeshikwa na senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote. Kabari za chuma cha pua au cha kawaida hufaa. Za aluminiamu hupasuka zikipigwa na barabara mbovu, na zikitoka yubolti zinalegea.

Kabari hata hivyo zina deni lake. Zinaporudisha kasta zinaizungusha ekseli nzima, na difu ya mbele huinama, yaani pua yake inayopokea propela hushuka wakati gari limepanda. Unachokipata kwenye usukani unakilipa kwenye krosi za propela, yaani viungo vya ncha zake. Kwa inchi moja au mbili deni hilo hulipika. Kwa inchi nne halilipiki tena kwa kabari, na ndiyo sababu seti za inchi nne humvuta mwenye gari katika kurekebisha vitu ambavyo hakuvipangia fedha.

Propela ya nyuma ina sheria yake: krosi mbili za propela ya kawaida hutakiwa kufanya kazi kwa pembe zinazolingana, ili mtetemo wa moja ufutwe na wa nyingine. Springi zilizopigwa upya na seti za inchi mbili kwa kawaida huziacha pembe hizo katika kiwango kinachovumilika. Sheko ndefu nyuma hulizungusha difu, na mtetemo unaweza kuanza kusikika kwenye mwendo wa barabara kuu hata pale ambapo urefu ulioongezeka ni mdogo.

Kwa njia ya nne, pembe zote hupangwa upya kwa sababu huna la kufanya ila kuzipanga. Vikalio vipya vya springi huchomelewa juu ya bomba la ekseli, na fundi huamua difu iangalie wapi kabla ya kuchomelea. Mbele, ili kupata propela yenye pembe nzuri pamoja na kasta sahihi kwa wakati mmoja, vichwa vya ekseli, yaani ncha zinazobeba magurudumu, hulazimika kukatwa, kuzungushwa na kuchomelewa tena. Rodi ya usukani inayoshuka kwa mwinuko mkali hulifanya gari lijigeuze lenyewe kila springi inapojikunja, hivyo mikono ya usukani nayo hupandishwa juu. Propela hurefushwa. Mipira ya breki hubadilishwa. Ikifanywa kikamilifu, njia hii inaweza kuacha pembe bora kuliko njia zile nyingine. Ikifanywa nusu, ni hatari kuliko zote.

Kuhusu breki, kipimo ni kimoja kwa kila njia: inua chasisi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie kabisa, geuza usukani hadi mwisho kila upande, na uangalie kama mpira wa breki bado una ulegevu. Kama gari lako, au lile ulilotoa ekseli yake, lina vali ya breki inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, fahamu kwamba kuinua gari kunaidanganya vali hiyo ione gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua nguvu. Fimbo hiyo hurekebishwa au bano lake hupandishwa.

Kazi, vifaa na gharama

Sheko ndefu ndizo rahisi kwa fedha na kwa muda, na fundi yeyote mwenye bamba la chuma na mashine ya kutoboa anaweza kuzitengeneza. Nasisitiza kutoboa: tundu lililokatwa kwa moto wa gesi halikai sawasawa na pini huanza kulila siku ile ile.

Kupiga upya springi hufuata. Kazi hiyo ipo katika kila mji wenye malori, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, na bei huhesabiwa kwa jani au kwa springi. Gharama inayosahaulika ni ya bushi, pini, senta bolti na yubolti mpya, ambazo ni lazima.

Seti mpya hugharimu mara kadhaa ya hizo mbili, na kwa gari la umri huu huenda ikabidi kuagiza na kusubiri. Katika kuagiza, taja kama gari ni fupi la 40 au refu la 45, kwa kuwa springi za nyuma si zile zile. Neno "Land Cruiser ya zamani" halimtoshi muuzaji.

Kuhamisha springi juu hakuna bei ya kutaja kwa sababu hakuna seti moja inayokamilisha kazi. Chuma cha springi chenyewe unaweza kuwa nacho tayari. Fedha huenda kwenye uchomeleaji wa kiwango cha juu, fundi wa mashine wa kurefusha propela, mikono ya usukani, mipira ya breki, shokapu za urefu mpya na mabano yake. Bomba la ekseli lililochomelewa kwa mkupuo mmoja hupinda kwa joto, na shafti za ndani zikaanza kula bearingi; mchomeleaji anayejua hufanya vipande vifupi, upande huu na ule, akiacha chuma kipoe.

Kurudi nyuma

Hapa hapana maelezo mengi. Sheko hufunguliwa kwa spana na za asili zikarudishwa. Seti mpya vilevile, mradi springi za zamani zimehifadhiwa na hazikuuzwa kwa kilo. Springi zilizopigwa upya zinabaki kuwa za asili, na kwa mtu anayejali uhalisi wa gari hakuna njia inayozipita. Ekseli iliyokatwa vichwa na kuchomelewa vikalio vipya haina njia ya kurudi isipokuwa kutafuta ekseli nyingine, na hizo zinazidi kuwa adimu tangu utengenezaji uishe mwaka 1984.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote utakayochagua

Yubolti hazirudiwi. Zimevutika mara moja na hazitashika vilevile tena. Kagua mabano ya springi kwenye chasisi, hasa ya nyuma ambako tope hukaa, na uchomelee palipoliwa na kutu kabla springi hazijafika, kwa kuwa cheche za kuchomelea zikidondokea jani la springi zinaanzisha ufa. Funga pini na bolti za sheko kwa mkono tu wakati chasisi ni tupu, kisha uzikaze kikamilifu siku gari litakaposimama juu ya magurudumu yake likiwa na uzito wote. Bushi za mpira zilizokazwa springi zikiwa zimening'inia hukaa zimesokotwa na huchanika mapema. Pima shokapu kwa ncha zote mbili za mwendo: springi ikijikunja mpaka ekseli iguse raba ya kizuizi, shokapu isiwe imefika mwisho, na ekseli ikining'inia isiwe shokapu ndiyo inayoishikilia. Baada ya kilomita 500 hivi kaza yubolti tena. Fundi atakayekuambia hakuna haja hiyo anatamani tu kuondoa gari lako gereji.

Nani achague nini

Kama pikapu yako inafufuliwa ili irudi shambani au kwenye mradi wa maji, ikibeba mzigo siku nyingi za juma na kufikia fundi wa kawaida pale inapoharibika, springi za asili zilizopigwa upya ni chaguo la busara, na majani yaliyopasuka yabadilishwe kwa mapya ya unene ule ule. Mwenye gari la namna hii huwa na haja ya urefu wa asili kuliko urefu mpya, na kila kijiji chenye lori kina mtu anayeweza kuzishughulikia springi hizo.

Kama gari ni la safari ndefu, litakuwa na tairi za inchi 33, tangi la ziada na hema juu, na una uwezo wa kununua mara moja, seti mpya ya inchi mbili yenye shokapu zake itakufaa zaidi. Pima uzito wa kweli wa vitu utakavyobeba kabla ya kuchagua kiwango, kwa sababu seti ya mzigo mzito kwenye gari jepesi itakuchosha kuliko springi mbovu ulizoziondoa. Mahitaji yakikusukuma kwenye inchi nne, weka kwenye bajeti propela, kabari na mipira ya breki tangu mwanzo.

Kama fedha zimeisha kwenye injini na bodi, na springi zako bado ni nzima ila tairi zinagusa kidogo madigadi ya nyuma, sheko zilizozidi kwa sentimita mbili na nusu hadi tano kwenye ekseli ya nyuma peke yake zinaweza kukuvusha mpaka upate seti. Mbele ningeziacha za asili. Anayeziweka mbele vilevile aweke na kabari, na ajaribu gari kwenye barabara tupu kabla ya kuingia barabara kuu.

Kama unajenga gari la mawe na makorongo, la mashindano ya porini kama Rhino Charge ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989, na gari lenyewe halina uhalisi wa kulinda kwa sababu limeshabadilishwa injini au limeunganishwa kutoka magari mawili, kuhamisha springi juu ya ekseli kuna haki yake. Fanya hivyo ukiwa na mchomeleaji ambaye umeona kazi yake ya ekseli, si ya mageti. Gari likikamilika litakuwa refu, na pikapu yenye keria iliyojaa juu ya springi hizo hupinduka kwa urahisi kuliko zamani; dereva wake asiwe mtu wa kuazimwa gari.

Na kama gari linafufuliwa kwa ajili ya mnunuzi anayetafuta 45 ya asili, usiiinue. Rudisha upinde wa kiwandani, weka tairi za 7.50R16, na umkabidhi pamoja na vile vipimo vya pembe nne ulivyoandika kabla ya kufungua.